Tambi Nyeusi za Koboko

Wiki mbili kabla ya kustaafu, ofisi iliniomba niandike ripoti ya makabidhiano isiyozidi kurasa mbili, yenye orodha ya mashine na hali ya kila moja. Niliandika. Ripoti ilikuwa safi, na upande wa kulia ulijaa maneno tuliyoyazoea: inafanya kazi, inafanya kazi, inasubiri kipuri. Haya ninayoandika sasa ni yale yaliyokosa nafasi katika jedwali. Nawaandikia ninyi mliobaki karakana, na ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichotuunganisha pale, Walugbara, Wakakwa, sisi Wanubi na wenzetu wa kutoka Kongo, ingawa kila mmoja alikivunja kwa namna yake. Vyeo nitaviruka, kwa sababu havikuwa vingi. Mshahara mnaujua, ni huohuo mnaoupokea.

Niliingia karakana ya hospitali Arua nikiwa na cheti kipya na viatu vipya. Fundi mkuu alikuwa Mzee Adriko, mtu wa Ayivu, aliyeanzia kazi ya kuchomelea vyuma kabla ya kuja kwenye vifaa vya wagonjwa. Alikisoma cheti changu chote, mbele na nyuma, akanirudishia kwa adabu, kisha akanipa kopo la maji ya sabuni na brashi ya kunyolea ndevu.

"Wewe binti, kamata sabuni," alisema. "Spana iko ya wiki nyingine."

Kwa wiki tatu nilipaka povu kwenye viungo vya mitungi ya oksijeni. Povu likivimba, hapo panavuja. Wakati ule mitungi ilitoka Kampala kwa lori, ikavuka Nile, ikafika kwetu imechoka kama abiria wengine. Mingine ilifika mitupu na karatasi zake zikisema imejaa. Mzee Adriko hakubishana na karatasi. Aliugonga mtungi kwa kidole cha pete, akasikiliza, akasema "hii iko kulala" au "hii iko macho", na saa ya kupimia kilichomo mtungini ilipofungwa, mara zote ilikubaliana naye. Alinifundisha pia kwamba bomba lolote linalopata moto lazima liachiwe nafasi ya kutembea. Ukilibana ncha zote mbili, litatafuta nafasi lenyewe, kwa kupasuka.

Baadaye zikaja mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, zile za magurudumu zenye punje nyeupe ndani. Zilitoka nchi zisizo na vumbi la murram. Kitabu chake kilisema kichujio kioshwe mara moja kwa wiki. Kwetu wakati wa kiangazi kilitakiwa kuoshwa kabla ya chai na baada ya chai. Punje zile zikipata unyevu hufa, na mashine huendelea kunguruma vizuri sana huku ikimpa mgonjwa hewa ileile ya chumbani. Ndugu zangu, kumbukeni hilo: mashine ya oksijeni iliyokufa na iliyo hai zina sauti moja.

Mzee Adriko alistaafu, akarudi kulima mihogo yake. Nami, miaka mingi baadaye, nilipelekwa hospitali ya Koboko kusimamia mashine ya majaribio kutoka chuo kimoja cha Kampala. Aliyeileta alikuwa Injinia Kato, kijana mpole mwenye kompyuta mbili na mwavuli mmoja. Akafungua sanduku lililojaa pamba, akanionyesha vijiti vyeusi vyembamba kama tambi, virefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, vyenye tundu katikati.

Akanieleza kwamba ni kauri. Unga wa madini huchanganywa na gundi, husukumwa kwenye tundu dogo na kuangukia ndani ya maji, hukaushwa, kisha huchomwa kwenye tanuri. Nilikuja kuona kazi hiyo mwenyewe huko Kampala. Usingejua kama uko maabara au kwa mama anayepika tambi za Idi, isipokuwa hapa hakuna anayeruhusiwa kuonja. Ukizipasha moto mpaka ziwe nyekundu, ukuta wake unapitisha oksijeni tu na kukataa kila kitu kingine kilichomo hewani. Pampu inaivuta kwa ndani, inapoozwa, inapita kwenye chupa ya maji, inakwenda wodini. Hakuna mtungi, hakuna lori, hakuna Nile ya kuvuka. Nilimwuliza umeme ukikatika inakuwaje. Akasema katika maabara yao haukuwa ukikatika.

Koboko ulikatika siku ya tatu. Tanuri la ndani ya mashine, linalozipasha tambi moto, likapoa haraka, na tukasikia ndani yake tik, tik, tik, kama mahindi kwenye kikaango. Tulipofungua, nusu ya tambi zilikuwa vipande. Injinia Kato alivikusanya kimoja kimoja katika karatasi. Nilimhurumia, nikampikia chai, kisha nikamwonyesha jambo nililokuwa nimeliona tangu mwanzo lakini sikuulizwa: tambi zake zilikuwa zimebanwa ncha zote mbili. Nikamwambia maneno ya Mzee Adriko kuhusu bomba na nafasi ya kutembea. Alichora, akafuta, akachora tena. Tambi zilizofuata zilizibwa ncha moja, zikaning'inia huru, na ncha iliyobanwa ikawekwa nje ya moto kabisa ambako hata gundi ya kawaida ilivumilia. Zilipungua kupasuka. Katika maandishi yao jambo hilo liliitwa maboresho ya muundo. Mzee Adriko hakutajwa, lakini pia hakusoma maandishi hayo, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Ili kumaliza kabisa tatizo la umeme, mradi ukanunua jenereta. Likafungwa nyuma ya jengo, hatua chache kutoka kwenye bomba la mashine la kuvutia hewa. Mimi mwenyewe nilisaini kwamba limefungwa vizuri. Likumbukeni jenereta hilo.

Basi ikapangwa siku ya uzinduzi. Wageni wangetoka Kampala, na wengine mbali zaidi. Siku mbili kabla, umeme ukakatika wakati jenereta limefunguliwa kubadilishwa mafuta, na tambi nyingi zikapasuka. Nyingine zilikuwa bado zikitengenezwa Kampala. Injinia Kato akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. Alisema wageni wakikuta mashine imekufa, mradi utafungwa na tambi hizi hazitafika hospitali yoyote. Alisema wao wanachotaka kuona ni mapovu kwenye chupa, basi. Hakuniambia niweke mtungi nyuma ya pazia. Aliniuliza tu kama pazia lipo.

Lilikuwepo, la kijani. Niliweka mtungi nyuma yake, nikauunganisha na chupa. Mashine yenyewe ilikuwa na kipima oksijeni ambacho kingepiga kelele kikigundua hewa tupu, kwa hiyo nikakichomoa. Wageni wakaja, wakaona mapovu, wakapiga makofi na kupiga picha. Mmoja aliuliza kwa nini mashine haina joto zaidi. Mkubwa wa hospitali akajibu kwamba ni teknolojia mpya.

Walipoondoka, nilitaka kuibandika karatasi: HAIFANYI KAZI. Mkubwa akasema tungoje Jumatatu, picha kwanza zifike kwenye magazeti. Kisha, kwa furaha, akaamuru mitungi yetu iliyobaki ipakiwe kwenye gari iende Arua, kwa kuwa sisi sasa tunajitengenezea. Mtungi wa nyuma ya pazia nao ukapakiwa, na chupa ikarudishwa kwenye bomba la mashine. Nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kusema. Nilisema "sawa".

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Kabla ya adhuhuri Sista Furaha akanipigia. Sista Furaha alikuwa muuguzi wa wodi ile, mzaliwa wa upande wa Kongo aliyekulia Koboko, mwanamke asiyepaza sauti hata mgonjwa anapomtapikia. Siku hiyo pia hakupaza.

"Fundi Zaitun, mashine iko napiga povu," alisema, "lakini kidole ya mutu hapana panda."

Maana yake ni kwamba kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachoonyesha kama damu ina oksijeni ya kutosha, kilikuwa kinaonyesha chini na hakisogei. Nilijua sababu kabla hajamaliza. Pampu ilikuwa inavuta hewa ya kawaida kupitia nyufa za tambi zilizopasuka. Mapovu ya hewa na mapovu ya oksijeni ni mapovu mamoja. Furaha aliyaamini kwa sababu jana yake mimi ndiye niliyemwaminisha.

Nilifika kwa boda. Kitandani alikuwa mwalimu Candiru wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo mwenye nimonia, akiwa ameketishwa wima, mabega yakipanda na kushuka, midomo imeanza kugeuka rangi. Alinitazama. Alikuwa na macho ya mwalimu, yale yanayotaka jibu. Nikamwambia Furaha maneno manne: "Hiyo si oksijeni, Sista." Alichukua simu, akaita gari la Arua lirudi na mtungi. Ilikuwa safari ya zaidi ya saa moja, na mwalimu Candiru hakuonekana kuwa na saa hiyo.

Nikaenda stoo. Kulikuwa na mashine mbili za magurudumu zilizoandikwa mbovu kwa mwandiko wangu. Moja pampu yake ilikuwa imekufa, lakini punje zilikuwa nzima kwa sababu hazikuwahi kupata unyevu. Nyingine pampu ilikuwa nzima na punje zimekwisha. Nilihamisha pampu sakafuni mwa stoo, kwa spana moja na koleo, bila kukaa chini. Bomba la mpira lilikuwa fupi, nikakata la mashine ya kufulia. Vidole vyangu, ambavyo vimefungua skrubu miaka yote hii, viliangusha skrubu ileile mara tatu. Nilipaka sabuni kwenye viungo.

Tuliiwasha kando ya kitanda. Ilinguruma. Nimekwisha kuwaambia kwamba kunguruma si ushahidi, kwa hiyo nilikwenda nikachukua kile kipima nilichokichomoa jana, nikakiweka kwenye bomba. Kikapanda. Si sana, lakini kilipanda, na baada ya muda kidole cha mwalimu Candiru nacho kikapanda kidogo kidogo, kikasimama mahali ambapo Furaha alikunja mikono yake na kupumua. Gari la Arua lilipofika na mtungi, mimi nilikuwa nimekaa chini nje, nikiwa na mafuta ya pampu kwenye gauni langu la Jumamosi. Magazeti siku hiyo yalikuwa na picha zetu.

Furaha alikuja kukaa karibu nami. Nikamweleza yote, pazia, mtungi, kipima. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba yeye alimwambia ndugu wa mgonjwa asiwe na wasiwasi, mashine ni mpya. Kwa wiki nzima alinisalimia kwa heshima kamili, kama mtu asiyenijua.

Mwalimu Candiru alipona. Siku ya kuruhusiwa aliniita, akaniuliza nilikuwa na hofu gani usoni siku ile, kwa maana katika kazi yake amezoea kuona uso wa mtu anayejua jibu na hataki kulitoa. Ningeweza kumwambia habari za umeme. Nilimwambia ukweli.

Alifunga shanta yake. Kisha akauliza, "Na hao wageni walipiga makofi?"

"Walipiga, mwalimu."

"Sasa hiyo hadithi uliyonipa mimi, andikia wao. Mimi nimekwisha kuisoma kwa mapafu."

Sikuwa na anwani ya wageni, lakini nilikuwa na ya Injinia Kato. Nilimwandikia barua ya kurasa tatu, nikatia ndani kila kitu, pamoja na jina langu, na nakala nikampa mkubwa wa hospitali. Mkubwa alinionya kwa maandishi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kutumia bomba la mashine ya kufulia bila idhini. Onyo hilo ninalo bado, na ni karatasi pekee ya ofisi niliyoitunza.

Nilitegemea Injinia Kato akasirike au akae kimya. Alikuja mwenyewe kwa basi, bila mwavuli, akaenda kwanza wodini kumwomba radhi Sista Furaha. Furaha alimtengea kiti na kumwonyesha kitanda kilichokuwa cha mwalimu Candiru. Waliongea kidogo. Kato alipotoka, aliniambia kwamba amepeleka barua yangu kwa wakubwa zake na wamempa miezi michache, hawajamfukuza kwa sababu hakuna mwingine anayejua tanuri lile. Tukaanza upya. Sharti langu lilikuwa moja: kipima kikae juu ya mashine mahali ambapo muuguzi anakiona, na king'ora chake kisichomolewe hata akija malaika.

Hapo ndipo tulipopata ugonjwa wa pili. Tambi mpya hazikupasuka, lakini zilidhoofika. Oksijeni ilikuwa safi, ila kidogo, na ilizidi kupungua. Injinia Kato alishuku unga, akashuku pampu, akashuku maji. Mimi nilikuwa na daftari ambalo Mzee Adriko alinizoesha, la kuandika kila siku kilichotokea hata kama hakijatokea kitu. Tulilifungua tukalinganisha. Siku ambazo umeme wa kawaida ulikuwepo mchana kutwa, mashine ilishikilia. Siku za jenereta, ilianguka.

Nilichukua kitambaa cheupe cha kichwani, nikakifunga kwenye mdomo wa bomba la kuvutia hewa, nikawasha jenereta na kukaa kando. Nilipokitoa kilikuwa na duara jeusi, kinanuka dizeli. Injinia Kato alikinusa, akashika kichwa. Moshi ule una salfa, na salfa, pamoja na ile hewa chafu nyingine ya moshi, hula ngozi ya tambi zile na kuziba njia ya oksijeni. Jenereta tulilolinunua kuziokoa tambi na umeme lilikuwa linaziua kwa moshi, na lilikuwa na saini yangu kwamba limefungwa vizuri.

Tulihamisha bomba likapanda juu ya paa, upande ambao upepo hautokei kwenye jenereta wala jikoni. Kule Kampala walibadilisha mapishi ya unga, wakapunguza kile kinachopendana na salfa, wakaziongezea tambi ngozi nyingine nyembamba ya kinga. Tanuri likavalishwa koti nene ili umeme ukikatika lipoe polepole, kama uji. Tambi za namna hiyo ndizo zilizo ndani mpaka leo. Miezi ilipita. King'ora kililia mara mbili tu, na mara zote mbili kilikuwa kinasema kweli. Furaha alianza tena kunitania kuhusu uzee wangu, nikajua tumepatana.

Kufanya kazi vizuri kulituletea tatizo ambalo hatukulitarajia. Mradi ulikuwa wa majaribio, majaribio yamefaulu, kwa hiyo umekwisha. Ikaja barua kwamba mashine irudishwe Kampala ikawekwe kwenye maonyesho, ili watu waone inavyoweza kusaidia hospitali za mbali. Injinia Kato alitumwa na gari na fomu. Alikuwa amevaa suti na hakunitazama usoni.

Fomu ilihitaji saini mbili, ya muuguzi wa wodi na ya fundi. Sista Furaha aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, akamrudishia.

"Mutu iko ku mashine," alisema. "Murudie akipona."

Kwenye mashine alikuwepo mama mmoja mzee wa pale Koboko, amelala vizuri. Injinia Kato akanigeukia mimi, mtaalamu. Nikaandika nyuma ya fomu, kwa mwandiko wa kusomeka, kwamba tambi zilizoboreshwa hazipasuki zikipozwa taratibu, na kupoza taratibu kunahitaji siku nzima bila mgonjwa. Kila neno lilikuwa kweli. Aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama. Dereva akauliza kama wanapakia. Kato akamwambia mgonjwa hajapona.

Wamerudi mara tatu tangu hapo. Kila mara gari linaegeshwa, Kato anapanda ngazi na fomu yake, anachungulia wodini, na kila mara yupo mtu. Mara ya mwisho hakuchungulia. Alikaa na Sista Furaha barazani, wakanywa chai, fomu ikiwa chini ya sahani ya mandazi, kisha akarudi Kampala na gari tupu.